Suruali ya Kijivu ya Baba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka ufukweni. Kama zinanuka samaki kidogo usizikatae, huku kila kitu kinanuka samaki, hata mto ninaolalia. Natumai zitakukuta u mzima, wewe na shemeji na hao wanangu watundu, ambao nasikia wamevunja tena kioo cha kabati. Ukiuliza hali zetu, mimi sijambo, ila pua imebabuka kwa jua na nywele zangu, mimi msusi wa kusifika, zimegeuka kamba ya katani. Baba yupo, anakusalimu sana. Habari zake nitakupa taratibu, maana yeye ndiye barua yenyewe.

Najua umeshangaa kuletewa karatasi badala ya kupigiwa simu. Simu yangu ilizama baharini, ikaopolewa, na sasa imelala ndani ya debe la mchele la mama mwenye nyumba ya wageni. Kila nikimwuliza kama imekauka ananiambia nitulie, mchele hauna haraka. Lakini hata ingekuwa nzima nisingekupigia. Chumba changu na cha baba vimetenganishwa na ubao mwembamba, nikipiga chafya yeye ndiye anayeniombea afya. Na haya ninayotaka kukueleza si ya kusema kwa sauti akiwa upande wa pili.

Kwanza niikumbuke kazi uliyonituma, ili usije ukasema nakuzungusha. Ulisema nimchukue baba, nimtembeze, nimlishe vizuri, na moyo wake ukishalainika nimwingizie lile neno: afunge duka lake la ushonaji aje akae kwako. Chumba umeshakipaka rangi, kitanda umeshatandika. Ulisema mwanamume aliyefiwa na mkewe hunyauka asipoangaliwa, na wewe ni muuguzi, wodini kwenu unawaona kila siku. Mimi nikawa nakujibu kwamba unajitia hofu bure. Kila uliponiuliza kama baba amekonda, nilikwambia nguo zake zinamkaa sawasawa. Wala sikukudanganya. Wewe mwenyewe ulimwona kwenye harusi ya binamu yetu, koti limemkaa utadhani bwana harusi ni yeye, ukanikonyeza ukasema mzee bado yumo.

Basi tukafunga safari. Unaikumbuka ile kalenda ya jikoni, ambayo mwaka wake ulikwisha zamani na mama akakataa kata kata kuitoa ukutani? Ile yenye picha ya ngome juu ya mwamba, na nyuma yake visiwa vimejipanga? Mama alikuwa akikoroga uji huku anaitazama, anasema iko siku atakanyaga pale. Na baba, pini zimejaa mdomoni, anajibu mwakani. Mwaka huu kuna sare za shule, mwaka huu kuna harusi nyingi, mwakani. Sisi tukacheka mpaka mahali pale tukapaita Mwakani. Haya dada, nimefika Mwakani. Mama hakufika, na nilipoiona ile ngome kwa macho yangu mara ya kwanza nililia palepale stendi, mizigo kichwani, watu wakadhani nimeibiwa.

Ngome ipo kweli, ila ile picha ilificha mengi. Haikuonyesha mbuzi wanaolala juu ya mizinga, wala mashuka ya watu yaliyoanikwa ukutani, wala ngazi za mawe zilizolika katikati mpaka ukipanda unajihisi umelewa. Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke mcheshi ambaye wenzake wanamwita Redio, na nilipomsikiliza kidogo nikaona hakuna jina jingine ambalo lingemfaa. Alitueleza kwamba zamani ngome ilizingirwa na maadui, chakula kikakatwa, waliomo ndani wakafikia kuchemsha mikanda ya ngozi. Akatuonyesha kwenye kabati la kioo koti la mkuu wa ngome wa siku hizo, jekundu lililofifia, vifungo vya shaba.

Baba hadi hapo alikuwa akitembea mikono nyuma kama mgeni rasmi. Alipoliona koti aligandisha paji la uso kwenye kioo. Akamwambia Redio atazame ubavuni: koti lile limepunguzwa, tena si mara moja, na aliyelipunguza hakuwa na haraka, mishono yake midogo na ya subira. Redio alifurahi, akamwomba arudie ili na yeye apate la kuwaambia wageni wengine. Mimi nilivimba kichwa kwa fahari, nikawatazama wageni wenzetu mmoja mmoja wajue huyu ni baba yangu. Lakini baba hakurudia. Alisema amechoka, tutoke nje tupate upepo. Nikamnunulia dafu. Alipiga funda moja akanipa mimi nimalizie, nami nikalimaliza, mroho nisiyejua kitu.

Kesho yake tukavuka kwenda kisiwa kikubwa kwa boti ya mashine. Gati la huko linajengwa upya, kwa hiyo abiria wanateremka majini, maji ya magoti, na wasioweza wanabebwa mgongoni na mabaharia. Baba akasema hajabebwa tangu alipoachishwa ziwa na hana nia ya kuanza leo. Akakunja suruali yake ya kijivu vizuri, mikunjo sawa kwa sawa, akashuka. Wimbi likaja kumwamkia. Dada, mzee aliketi baharini kama anayeketi kwenye kochi lake! Mimi nikamrukia kumshika kwa mkono uleule ulioshika simu, ndiyo habari ya simu ikaishia hapo. Wanawake waliokuwa na vikapu ufukweni walicheka, nahodha akacheka, na baba mwenyewe akacheka, kile kicheko chake cha kukoroma. Nilikuwa sijakisikia tangu mama aondoke. Nilitamani aanguke tena.

Nyumba ya wageni iko karibu, vyumba vyake vinazunguka ua wenye kisima na kamba za kuanikia. Mama mwenye nyumba akampa baba shuka ajifunge, nami nikaichukua suruali niisuuze chumvi. Nikaigeuza ndani nje. Mimi kazi yangu ni vichwa, si viuno, lakini wewe na mimi tumekulia chini ya meza ya kukatia, mshono tunaujua kabla ya kujua kusoma. Ubavuni palikuwa na mshono wa asili. Kando yake, kwa ndani, mwingine wa uzi mweusi. Ndani zaidi, mwingine wa kijivu. Na ndani kabisa mwingine mpya, wa uzi wa kahawia, kama vile alikuwa amekwisha kuchoka kutafuta rangi inayofanana. Kitambaa cha ziada kilikuwa kimekunjwa pande zote mbili, kinatosha kumshonea mtoto kaptura.

Nikaingia chumbani kwake nikafungua begi. Shati jeupe, vilevile. Suruali ya kahawia, vilevile. Lile koti la harusini, ulilolisifu na kunikonyeza, mgongoni limekunjwa na kushonwa kwa ustadi ambao ungetaka kumpigia makofi kama usingekuwa unalia. Nilipotoka, baba alikuwa akivuka ua kwenda kisimani, shuka kiunoni, kifua wazi. Mbavu zake zinahesabika. Mabega yamebaki mifupa. Muda wote ule, dada, tulikuwa tukiitazama kazi ya mikono yake tukidhani tunamtazama yeye. Kila alipopungua kidogo, usiku alizipunguza nguo, na asubuhi akatokea nadhifu. Mimi nilimchana na kumnyoa kila mara, kichwa chake nakijua kama kiganja changu, na kichwa hakikondi.

Ndipo nilipomkumbuka yule paka wa jirani. Nilikuwa nampakulia baba mchana, anakula matonge mawili mbele yangu, nakimbilia saluni kwa kuwa nimemwacha mteja nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama, na nikirudi nakuta sahani safi. Na paka wa jirani akawa ananenepa mpaka tukabishana ana mimba ya wangapi. Kumbe dume.

Niliianika ile suruali vilevile, ndani nje, makusudi. Baba alipoiona alisimama mbele yake kidogo, akaigeuza upande wa nje, akanyoosha pindo, akaenda zake. Nami nikajikaza nisimwulize. Unajua mdomo wangu ulivyo, kwa hiyo ujue ilinigharimu.

Siku iliyofuata tukaenda kula kwenye mgahawa ulio nyuma ya soko la samaki. Mwenyewe ni jitu la watu, wanamwita Bwana Mwiko, anakaa kwenye kigoda kirefu karibu na mlango na hampakulii mtu. Sufuria zimepangwa juu ya meza ndefu: wali, samaki wa nazi, pweza, maharage, mboga za majani, kila moja na upawa wake. Sheria imeandikwa kwa chaki ukutani, chukua unachoweza kumaliza. Baba akachagua meza, akaketi, akangoja. Wewe unajua, dada. Tangu amwoe mama hajawahi kushika upawa. Mama alimpakulia maisha yake yote, na baada ya mama nikampakulia mimi.

Nikainuka na sahani mbili. Bwana Mwiko akamwamkia baba kwa adabu zote, kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, kama mzee ana tatizo la mikono. Nikasema hana. Akasema basi mikono ije yenyewe, hapa kwake hata mkewe anajipakulia. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Baba akainuka. Akasimama mbele ya sufuria ya samaki, akashika upawa, akausimamisha hewani, mchuzi ukawa unadondoka. Halafu akaurudisha, akaja kuketi na sahani tupu.

Hapo subira yangu ikakatika. Nilimwambia nimeiona mishono. Nimeiona suruali, nimeiona koti, namjua paka. Nikamwuliza anataka kujipunguza mpaka lini, mpaka abaki uzi na sindano? Nilisema kwa ukali, dada, sikufichi, mpaka watu wa meza ya pili wakaanza kusifia hali ya hewa. Na yeye hakunikaripia. Aliitazama ile sahani tupu akanieleza jambo ambalo hajamweleza mtu.

Siku ile mama alipofariki, walikuwa wamegombana. Mama alikuwa ameitoa kalenda ukutani akaiweka juu ya cherehani, juu ya kitambaa alichokuwa anashona, akamwambia mwaka huu tunakwenda. Baba akajibu mwakani. Mama akasema yeye hataki tena kusikia hilo neno. Mchana akampakulia kama kawaida, akaleta dukani, na baba kwa hasira akasema hana njaa. Alikuwa na njaa, aliniambia, njaa ya kumla ng'ombe. Mama hakubishana. Alirudi nacho nyumbani, akasema anajinyoosha kidogo. Baba alipokuja kumtazama alasiri, ndiyo ikawa ile ambayo mimi na wewe tunaijua. Na kile chakula cha baba kilikuwa mezani, hakijaguswa. Tangu siku hiyo, akasema, kila sahani ikiwekwa mbele yake ni ile. Matonge mawili anaweza, kwa ajili yangu. La tatu halipiti.

Dada, wewe umesoma, pengine ungekuwa na maneno ya kitaalamu. Mimi nilikuwa na swali moja tu la kijinga. Nilimwuliza kile chakula alikikuta vipi. Hakunielewa. Nikamwuliza kilikuwa wazi au kimefunikwa. Akafikiri. Akasema kilikuwa kimefunikwa kwa sahani nyingine, na juu yake mama alikuwa amekizungushia kile kitambaa chake cha jikoni cha mistari, ili kisipoe.

Nikamwambia baba, mtu mwenye kinyongo hafuniki chakula. Mtu mwenye kinyongo anakiacha nzi wakile, au anampa jirani mbele ya macho yako. Mama yetu unamjua, angeweza. Alikifunika kwa sababu alijua hasira yako haifiki jioni. Alikuwa anakungoja ule, baba. Ile sahani haikuwa ya ugomvi. Ugomvi ulikuwa umekwisha, ila wewe hukuambiwa.

Alikaa, mikono juu ya meza, na machozi yakamtoka bila sauti, naye hakuyafuta. Bwana Mwiko pale mlangoni alijifanya anahesabu nzi. Halafu baba akainuka, akachukua sahani zote mbili. Akapakua kama anayekata kitambaa cha mteja mkali: anapima kwa jicho, anaongeza, anapunguza, anasawazisha kingo za wali kwa mgongo wa upawa. Akarudi, na sahani ya kwanza akaiweka mbele yangu. Baba amenipakulia, dada. Alinimwagia pilipili ya kuua tembo na maharage juu ya samaki, na nilikula yote, pua inatiririka, sijui kwa pilipili au kwa nini. Yeye alikula polepole. Tonge la tatu alilishika muda mrefu kabla ya kulitia mdomoni. Alipolimeza akanitazama kama mtu aliyevuka barabara pana. Mkia wa samaki ndio pekee aliobakisha.

Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza kwa nini hakukikata kile kitambaa cha ziada, maana fundi akipunguza nguo kabisa hukata, asibebe uzito wa bure. Akasema kitambaa ukishakikata hakirudi, naye hakuwa na hakika kama anakwenda au anarudi, kwa hiyo alikunja tu.

Sasa lile neno uliloniagiza. Nilikuwa nalo ulimini kutwa nzima, na kabla sijalisema yeye mwenyewe alilisema. Alisema rangi ya chumba chako ameinusa tangu tulipokuwa bado nyumbani. Anashukuru, anakuombea heri, na atakuja kulala humo kama mgeni anayeleta zawadi na kuondoka kabla hajachosha watu. Kuhamia hapana. Halafu akaniuliza mimi naonaje, na hapa ndipo utakaponigombeza, kwa hiyo kaa kitako. Nilimwambia abaki. Mjumbe wako amebadili upande njiani. Nilikuja nimtoe kwenye duka lake, na badala yake nimemwahidi kwamba mchana nitafunga saluni, mteja awe amesukwa upande mmoja au pande zote, na tutakula mezani pamoja, akipakua yeye siku moja na mimi siku moja. Ukiwa na hasira nikasirikie mimi. Ila ukimaliza njoo wewe mwenyewe, na vipimo vyako vyote. Amekubali umpime damu, umpime uzito, umpeleke kwa daktari unayemtaka, kwa sharti moja tu kwamba na yeye akupime gauni, kwa sababu anasema lile la harusini lilikubana na ulikuwa unajikaza.

Na asubuhi ya leo, dada, cheka na wewe. Nimeamka simwoni. Nimemkuta kwa Bwana Mwiko, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, suruali imejaa chicha. Anajifunza kupika ule mchuzi. Bwana Mwiko anamwambia polepole mzee, nazi si cherehani, na baba anamjibu kwamba hata cherehani hakujifunza kwa siku moja. Kifuu kimoja kilimkimbia kikagonga mguu wa muuza samaki. Ameniambia akirudi nyumbani jiko liwe wazi kwake, na ile kalenda nisiitupe.

Nisalimie shemeji, mwambie suruali zake alizoleta kurekebishwa ziko salama, fundi atarudi kazini wiki ijayo. Wabusu wanangu kila mmoja shavu lake, na huyo aliyevunja kioo umbusu mara mbili, maana najua umeshamchapa. Nawaletea kombe za baharini za kutosha kila mtu asigombane. Barua hii ataichukua nahodha akivuka jioni, naye ameapa kuishika kwa mkono usioshika simu.

Ninapoandika haya, nasikia kupitia ubao uzi unavyokatika. Baba ameketi kitandani na wembe, ile ya kijivu magotini, anafumua mshono wa kahawia, ule wa mwisho. Nilimwambia afumue yote. Akasema hapana, mmoja kwanza, akiujaza ndipo atafumua wa pili, kwa sababu fundi hashoni nguo ya mtu ambaye hajafika. Nilikuwa na mengine ya kukuandikia, lakini sasa hivi amegonga ubao. Anauliza kama bado naandika. Anasema ana njaa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Msusi wa baba.